Moto wa Ng'ombe Wanaochechemea

Nyemo alinipigia simu nikiwa nachambua mchicha nyumbani kwangu Makole. Alisema neno moja tu, "Baba," na mimi sikuuliza la pili. Nilizima jiko, nikajifunga kanga, nikaenda kutafuta gari la Chamwino. Njia nzima, mpaka tunaipita Buigiri, nilikuwa nabishana na marehemu kimoyomoyo kama nilivyokuwa nikibishana naye akiwa hai. Mzee Masaka hakunizaa. Niliishi kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana niliyemaliza chuo cha mifugo Mpwapwa, sijui kitu ila najiona najua vyote. Lakini kazi yote niliyokuja kuifanya mpaka nikastaafu ilianzia jikoni kwa mke wake, na kama kuna ukaidi wowote ndani yangu unaostahili kusifiwa, niliupata pale. Nyemo ni binti yao, rafiki yangu tangu mwaka ule.

Tulimzika kesho yake. Tulipotoka makaburini wanaume walikaa chini ya turubai, na kama ilivyo kawaida ya misiba, walipomaliza kumsifu marehemu wakahamia kwenye mambo mengine. Safari hii ilikuwa umeme. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, lakini sikio langu moja lilikuwa kwao. "Jua la Dodoma hili ni mali," alisema mpwa wa marehemu, kijana anayeuza vifaa vya sola. "Ukishafunga paneli, hakuna mtu wa kukugongea mlango na bili." Mwenzake akamwuliza, "Na betri ikifa? Ya kwangu imekufa mwaka wa pili. Sasa ile paneli naanikia mlenda." Watu wakacheka, na wa tatu akadakia kwamba umeme ni wa nguzo, hayo mengine ni michezo ya watoto. "Wa nguzo ni wa taa," akajibiwa. "Upikie maharage uone utakavyolia." Nilicheka na mimi. Kisha nikageuka kutazama nyuma ya nyumba, ambako akina mama walikuwa wanasonga ugali wa msiba. Juu ya bati kulikuwa na paneli inayochaji simu za waombolezaji, mbele ya nyumba kulikuwa na nguzo ya umeme, na huko nyuma kulikuwa na mafiga na moshi mzito uleule niliouacha nikiwa msichana. Mama mmoja alikuwa anasonga huku amefumba macho. Nilikasirika, wala sikuona haya kukasirika msibani. Maneno yote yale ya jua na nguzo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametaja jiko.

Mwaka ule nilipofika kijijini sikukuta bati wala nguzo. Nilikuta tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa la udongo, lililo chini kiasi kwamba nilijigonga kichwa kila asubuhi mpaka nilipojifunza unyenyekevu. Mradi mmoja wa gesi ya samadi ulikuwa umenipa kazi ya kukaa na kaya moja mwaka mzima na kuhakikisha mtambo wao unafanya kazi. Nililala chumba kimoja na Nyemo, kati ya vibuyu vya maziwa na vilindo vya nafaka, na ukuta uliotutenganisha na wazazi wake ulikuwa na nyufa za kutosha kupitisha kila neno. Mimi ni Msandawe wa Kwa Mtoro, kwetu tunasema lugha yenye kugonga ulimi, na Nyemo alicheka mpaka akajishika mbavu siku ya kwanza aliponisikia nikihesabu kwa lugha yetu. "Rudia," alikuwa akiniambia kila asubuhi. "Rudia hiyo inayopasua kuni."

Kwenye nyufa zile ndiko nilikosikia habari ya kifua cha Mama. Ilikuwa alfajiri, jogoo wameshawika, na Mama Nyemo alikuwa ametoka hospitali ya misheni siku iliyotangulia. Alikuwa bado mwanamke wa makamo, mrefu, lakini akitembea kutoka zizini hadi mlangoni ilibidi asimame njiani ashike kiuno. "Daktari amesema nini?" Mzee aliuliza. "Amesema moshi. Amesema nikiendelea kukaa mafigani, masika mbili hizi sitazimaliza." "Moshi ni moshi," Mzee akasema. "Mama yangu alipika kwa moshi mpaka akazeeka." Na Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe mbele za watu, akasema taratibu, "Mama yako alikufa akikohoa, Baba Nyemo." Baada ya hapo sikusikia tena kitu isipokuwa Mzee akivaa makubazi yake na kutoka nje. Nilibaki nimelala huku nimetoa macho. Chuoni walikuwa wamenifundisha kwamba gesi ya samadi inaokoa misitu, inaipa ardhi mbolea na inapunguza mzigo wa kuni, na yote hayo ni kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja ningelala nyuma ya ukuta na kujua kwamba mtambo ule usipowaka, mwanamke aliyenikaribisha kwa uji wa uwele angekufa.

Mtambo wenyewe si kitu cha ajabu. Unachimba shimo, unalijengea kwa matofali, unalifunika kwa kuba la saruji lisilopitisha hewa. Unakoroga kinyesi cha ng'ombe na maji, ndoo kwa ndoo, unakimimina. Humo gizani kinaoza, gesi inapanda juu, na bomba linaileta jikoni. Makapi yanayotoka upande wa pili ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi. Aliyetupimia shimo alikuwa Bwana Kimaro, mkuu wa mradi, mtu mwema na mchapakazi kutoka Kilimanjaro, ambako ng'ombe hulala bandani, huletewa majani, na hufa bila kuvuka hata mtaro wa jirani. Alisimama mlangoni mwa zizi, masika imekolea, zizi limejaa, akauliza kwa heshima zote, "Mzee, una ng'ombe wangapi?" Mzee Masaka alimtazama kama mtu aliyeulizwa sokoni mbele ya wezi ana kiasi gani mfukoni. Huku Ugogoni mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake, na akiulizwa haitaji, maana kuwataja kwa hesabu ni kuwaitia mkosi. Lakini mgeni naye haachwi bila jibu. "Ni hao unaowaona," Mzee akasema. Bwana Kimaro akawahesabu kwa kidole, akafurahi, akaagiza mtambo mkubwa.

Jibu lile halikuwa uongo hata kidogo, na ndiyo maana lilituponza. Sehemu kubwa ya ng'ombe wale ilikuwa ya marafiki wa Mzee waliowawekesha kwake, na ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wametawanyika katika mazizi ya marafiki hao, wengine mwendo wa siku nzima. Ndivyo wafugaji wa huku wanavyojikinga. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haukumalizi. Njaa ikipiga upande mmoja, una maziwa upande wa pili. Na kila ng'ombe uliyemwekesha kwa mtu ni urafiki unaotembea kwa miguu minne. Mkuu wa mradi hakujua kuuliza, mwenye zizi hakuona sababu ya kueleza, na mimi mtu wa Kwa Mtoro, ambako ungeniuliza habari za asali ningekujibu vizuri zaidi, niliona ng'ombe wengi nikashangilia.

Siku moto wa kwanza ulipowaka, jikoni kulijaa watu. Mwali ulikuwa wa buluu, mdogo, haukutoa sauti yoyote, na bibi mmoja akauliza kama tuna hakika ni moto. Mama Nyemo alibandika sufuria, akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda wenye karanga, na muda wote huo hakufuta macho hata mara moja. Alipogundua hilo alisimama na mwiko mkononi, akasema, "Kumbe jiko langu lina ukuta," kwa sababu ule ukuta wa mbele yake hakuwahi kuuona vizuri akiwa anapika. Kula ilikuwa shughuli nyingine. Wazee wawili waliaga ghafla kwamba wana safari, kwa sababu hawakutaka kula chakula kilichopikwa kwa kinyesi, na Nyemo aliwafuata mpaka njiani akiwauliza mboga za bustanini wanadhani hupandwa ndani ya nini. Mzee alikula. Alitafuna tonge la kwanza muda mrefu, sote tunamtazama mdomo. "Hauna moshi," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia chumvi. Lakini alimaliza.

Kizuri hakikosi ila, na ila za moto ule zilianza kujitokeza moja moja. Moshi uliokuwa ukimuua Mama ulikuwa pia unalinda mbegu. Masuke ya mtama na uwele ya kupandia yalikuwa yananing'inizwa juu ya mafiga, na moshi uliyafukizia wadudu mwaka mzima. Mafiga yalipopoa, fukusi walisherehekea. Tulishusha mafungu tukakuta unga. Miti ya paa nayo, iliyokuwa nyeusi na ngumu kwa masizi, ikaanza kutoa vumbi la mchwa. Mzee aliniletea suke moja lililotobolewa, akaliweka mapajani mwangu, na niliona uchungu. Ilibidi tujenge kibanda kidogo kando, tukawa tunachoma humo vinyesi vikavu na matawi mabichi kufukizia mbegu peke yake, bila binadamu ndani. Ninaposikia leo watu wakiusifu umeme wa jua au wa upepo kana kwamba umeshuka na malaika, huwa nakumbuka lile suke. Kila moto una kitu unachokupa na kitu unachokunyang'anya, na anayekuuzia hukwambia nusu tu. Lakini Mama alikuwa anapumua. Mwisho wa masika alikuwa anatoka zizini hadi mlangoni bila kushika kiuno, na kwangu hiyo ilitosha kunyamazisha fukusi wote wa duniani.

Kisha kikaja kiangazi. Majani yalikauka, upepo ukaanza kukokota vumbi uwandani, na asubuhi moja niliamka nikasikia kengele za ng'ombe zikielekea mbali badala ya karibu. Vijana walikuwa wanawapeleka mbugani kutafuta malisho, kama wanavyofanya kila mwaka, wasirudi mpaka mvua. Wenye ng'ombe wao wa kuwekeshwa walikuja kuwachukua. Niliingia zizini nikakuta mbuzi, kuku, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeachwa kwa ajili ya watoto wa ukoo. "Wamekwenda wapi?" nilimwuliza Mzee, na ninaamini sauti yangu haikuwa na adabu. "Kula," akanijibu. "Ulitaka wafe hapa ili wewe upate kinyesi?" Na maji nayo yalikuwa yameadimika. Kijiji kilikuwa na pampu ya upepo, imesimama pale nyuma ya shule, mabawa yake yakizunguka mchana kutwa kwa upepo mkali wa kiangazi bila kutoa hata tone, kwa sababu kipuri kimoja cha ngozi kilichakaa ndani yake na hakikupatikana karibu. Wanaume walikuwa na msemo wao kuhusu pampu ile. "Upepo ni wa Mungu," walisema, "spea ni za mjini." Kwa hiyo tulichota kwenye visima vya mchangani, korongoni, kwa kata, tukipanga foleni na punda wa watu. Sasa mwambie mwanamke aliyebeba ndoo hiyo kichwani kutoka korongoni kwamba aimimine kwenye shimo la kinyesi.

Mwali ulianza kupungua. Kwanza ulishindwa maharage, kisha ukashindwa ugali, kisha ukawa unatosha kuchemsha chai kwa taabu. Mama hakulalamika. Aliinama tu, akayasafisha mafiga yake, akaleta kuni, na jioni ile nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta kile kikohozi kirefu kisicho na mwisho, nikauma kona ya kanga. Bwana Kimaro alikuja katika mzunguko wake, akafunua kifuniko, akachungulia zizini. Alikuwa amechoka na amejaa vumbi. "Mzee, ulinidanganya," alisema. Hilo lilikuwa neno baya mno. Mzee Masaka alinyanyuka kwenye kigoda chake taratibu. "Uliniuliza ng'ombe," akasema, "nikakuonyesha ng'ombe. Hukuniuliza kiangazi wanalala wapi." "Kwetu ng'ombe wanalala nyumbani!" "Na kwetu ndizi haziko. Mbona sijakuuliza kwa nini hukuja nazo?" Walitazamana. Bwana Kimaro hakuwa mtu mkorofi, ila alikuwa na vifaa vichache na maombi mengi. Alisema jiko na mabomba ni mali ya mradi, kuna kaya upande wa Mpwapwa yenye ng'ombe wa kufungiwa, na akirudi kabla ya mvua akikuta mtambo umelala, atavihamisha. Alipoondoka nilimfuata mpaka kwenye gari. "Ukivihamisha, yule mama atakufa," nilimwambia. Akasema, "Na yule wa Mpwapwa naye anakohoa, Monika." Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini wa Mpwapwa sikumjua, na huyu alikuwa amenipa uji. Niliapa palepale kwenye vumbi la gari lake kwamba jiko lile halitoki.

Njia ilitoka mahali pa kijinga. Jirani mmoja alikuwa na mtamba mwenye kwato iliyooza, hawezi safari ya mbugani, na alikuwa ameshanoa kisu. Nilimwomba aniachie nimtibu. Akaniuliza nitamlisha nini, nikamwambia hilo niachie mimi. Nilipokuwa namsafisha kwato, naye ananipiga mkia usoni, akaangusha kinyesi kikubwa chenye mvuke, na mimi nikakitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Kila zizi la kijiji kile lilikuwa na ng'ombe wa namna yake, aliyevunjika, aliyezeeka, kipofu wa jicho moja, ambaye wenzake huenda mbugani wakamwacha achinjwe au ajifie. Nilimwendea Mzee nikamwambia, "Baba, watu huwekesha ng'ombe wazima. Waombe wawekeshe wagonjwa." Akasema, "Unataka zizi langu liwe hospitali." "Ndiyo." "Watu watanicheka." "Watakucheka, Baba." Nilitegemea ubishi wa wiki nzima. Badala yake aligeuza uso kuelekea jikoni, ambako kikohozi kilikuwa kimeanza tena, akachukua fimbo yake akaondoka, na kwa siku kadhaa alizunguka kwa marafiki zake wote, mzee mzima mwenye heshima zake, akiomba apewe ng'ombe ambao hakuna mtu anayewataka.

Walikuja wakichechemea. Mmoja alisukumwa na watu wanne. Watoto waliimba nyuma yao, na kilabuni watu walisema Mzee Masaka ameoa Msandawe wa kumfundisha uchawi wa vilema. Chakula chao kilileta ugomvi mwingine, kwa sababu baada ya mavuno mabua ya mashambani ni ya mifugo ya wote, na mimi na Nyemo tulikuwa tunayakata na kuyabeba kwa mafungu kama wezi wa mchana. Mama mmoja alitusimamisha, mkono kiunoni. "Mbuzi wangu wale nini, gesi?" Tulikubaliana naye tuwe tunampa makapi ya mtambo kwa bustani yake, na yeye akatuachia upande mmoja wa shamba. Mabua yanatoa kinyesi kikavu, na maji hayakuwepo. Hapo ndipo nilipotandaza mawe bapa sakafuni mwa zizi, yakielekea mfereji mdogo, nikawa nakinga mkojo wa wale wagonjwa kwenye debe na kuutumia badala ya sehemu ya maji. Harufu yake siielezi. Nyemo alijifunga kitambaa puani na akaapa kwamba hataolewa tena kwa sababu yangu, na aliolewa mwaka uliofuata tu. Mikono yangu ilipasuka. Sikuwahi katika maisha yangu kutaka kitu kwa nguvu kama nilivyotaka mwali ule urudi, na ulipokuja kurudi, mdogo, wa buluu, umesimama wima, nilikaa chini kwenye majivu nikalia kwa sauti.

Lakini ulitosha mlo mmoja. Tulijaribu kila hila, ukatosha uji wa asubuhi na mboga ya mchana, ugali wa jioni ukagoma. Sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia Mama nitasonga mimi, akakataa, akasema mgeni hapikishwi huku yeye mwenyewe yuko. Nyemo akataka, Mama akamwambia wewe bado una watoto wa kuzaa, utawalea na kifua gani. Tukiwa katika mvutano huo, Mzee Masaka aliingia jikoni. Naandika sentensi hiyo kwa wepesi, lakini wanaume wa rika lake hawakuingia jikoni hata nyumba ikiungua. Aliinamisha kichwa mlangoni, akavuta kigoda cha mkewe, akakikalia mbele ya mafiga, akauliza maji yako wapi. "Baba Nyemo, toka," Mama alisema, ameshika kanga mdomoni kwa aibu. "Watu wataona." "Waone." "Hujui hata kusonga." "Nitajua." Akachochea kuni, moshi ukampiga usoni, akakohoa, akafuta machozi kwa kiganja. "Kama moshi lazima uingie kifuani mwa mtu humu ndani," akasema, "uingie changu. Chako kimeshajaa." Ugali ule ulikuwa na mabuja makubwa kama mayai ya kanga. Tuliula wote.

Kijiji kilimcheka mpaka kikachoka. Yeye aliendelea kusonga, jioni baada ya jioni, na ugali ukawa unanyooka. Bwana Kimaro aliporudi kabla ya mvua, kama alivyoahidi, alikuta mwali wa buluu unachemsha mboga, zizi limejaa ng'ombe wa ajabu, na mwenye nyumba amepiga magoti mbele ya sufuria na mwiko. Alisimama mlangoni. "Shikamoo, Mzee," akasema. "Marahaba. Una njaa?" Alikula. Hakuzungumzia tena kuhamisha kitu, na kabla ya kuondoka alimwomba Mzee samahani mbele yetu sote, na Mzee naye akamwambia kwamba mwaka mwingine akitaka kujua habari za ng'ombe aulize kwa wake za watu, wao hawaogopi mkosi. Mvua ilinyesha. Ng'ombe wazima walirudi, na wengi wa wale wanaochechemea walikuwa bado hai kuwapokea. Mwaka wangu ukaisha, nikaondoka kwa basi la Mpwapwa nikiwa nimebeba kuku wa zawadi aliyeninyea mapajani.

Nimezungukia mikoa mingi tangu hapo. Nimeona mitambo ikiwaka na nimeona iliyogeuka mashimo ya takataka, paneli zilizookoa wajawazito kwenye zahanati na paneli zilizoibwa kabla ya kuzinduliwa, na hakuna siku niliyomwambia mtu kwamba jua au upepo ni wa bure. Ni wa bure mpaka ufike kwenye spea, kwenye maji, kwenye mgongo wa mtu fulani anayebeba. Nasema hivyo na bado nawaambia wajenge. Nilipokuwa nimepelekwa kusini, nilikuwa nampigia Mzee simu, nikimwuliza habari za jiko, naye ananijibu, "Jiko lipo," na mimi nafurahi. Jioni ile ya mazishi ndipo Nyemo aliponieleza kwamba kuba lilipasuka zamani, katika mwaka mmoja wa ukame shimo lilipokauka, na fundi wa kuliziba hakupatikana. Nyemo mwenyewe alileta mtungi wa gesi, ukakaa pembeni, kwa sababu kuujaza ni safari, wakawa wanauweka akiba kwa ajili ya wageni. Umeme ulipofika wakawasha taa. Na ugali? "Baba," Nyemo alisema. "Milo yote. Wajukuu wakija likizo alikuwa anawafukuza jikoni. Tulidhani ni uzee tu."

Mama aliniita chumbani jua lilipokuwa linazama. Alikuwa amekaa kitandani, mweupe nywele zote, mgongo umenyooka, na alinitaka nisogee karibu. Nilimpa shikamoo yake na pole, nikashika mikono yake. Hakuwa anakohoa. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, ndefu, bila kukwaruza popote. "Amekufa na kifua changu, Monika," alisema. "Daktari alipomsikiliza alimwuliza kama aliwahi kufanya kazi mgodini. Akamwambia hapana, nilikuwa jikoni. Daktari akacheka, akadhani mzee anatania." Nilikuwa nalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenifuta. "Usilie. Mimi sikuwa na masika mbili. Nimeziona masika ngapi, mpaka nimemzika yeye?" Akasikiliza sauti za sufuria nyuma ya nyumba, ambako wakwe zake walikuwa wanawasha kuni za chakula cha jioni, na moshi ulikuwa umeanza kuingia kupitia dirishani. Aliinua mkono akaufunga ule mlango wa dirisha kwa nguvu.

"Lile shimo," akasema, "linazibika?"

"Linazibika, Mama."

"Mnaanza lini?"

Nilimwambia keshokutwa, tukishaanua tanga, maana haifai kuchimba watu wakiwa bado wamekaa msibani.

"Keshokutwa ni mbali," akasema Mama, akaanza kutafuta viatu vyake.